Kioo Kilichozama Kwenye Maziwa ya Mama

Jumatatu, 2 Mei 1949

Mshumaa tena. Mwalimu Zakayo anausimamisha kwenye sahani ya maji, anauwasha, anaufunika na gilasi. Unakufa. Maji yanapanda ndani ya gilasi yenyewe, bila mtu. Anasema moto umekula hewa. Sawa. Lakini hayo maji yaliambiwa na nani kwamba kuna nafasi? Nikauliza. Akasema, "Kiprop, andika ulichoona, usiandike ulichobishana." Darasa likacheka. Mimi nikacheka kuwashinda.

Daftari la shule linataka hivi: tarehe, nilichofanya, nilichoona. Safi. Hili langu ni la mambo mengine, na ole wake atakayelishika.

Mimi ndiye mkubwa wa darasa la sita. Nilichunga ng'ombe za Kaburu kabla Baba hajaamua nisome, kwa hivyo ndevu zimeanza na hesabu bado. Lakini kwa sayansi hakuna wa kunishika. Barasa anajaribu. Baba yake ni wa reli, ati ameona injini kwa ndani. Mimi nimeona ng'ombe kwa ndani. Tuko sawa.

Alhamisi, 5 Mei

Maharagwe yangu kwenye pamba yameota. Ya Barasa yameoza. Aliyamwagia maji kama anazima nyumba inayoungua. Nimemwambia aandike: nilichofanya, nimeua.

Leo Mwalimu ameleta kitu. Kijiti cha kioo. Chini kina tumbo lenye risasi ndogo ndogo, juu shingo nyembamba yenye mistari. Memsaab mmoja wa ng'ambo ya mto amekipa shule baada ya kununua kipya. Ni cha kupima maziwa. Unakitia kwenye maziwa, kinaelea kimesimama wima kama askari. Shingoni kuna herufi mbili za Kiingereza. M iko chini, ni maziwa. W iko juu, ni maji. Ukikitia kwenye maji matupu kinazama mpaka W. Ukikitia kwenye maziwa safi hakizami sana, kinakomea M, kwa sababu maziwa ni mazito, yanakibeba. Katikati kuna mistari midogo. Kadiri kinavyozama kuelekea W, ndivyo maji yalivyo mengi. Kiwanda cha siagi mjini wanacho cha namna hiyo hiyo. Makaburu wenyewe wanakiogopa.

Nilikipenda mara moja. Kitu kidogo, na kinashika wezi.

Mwalimu akauliza nani ataleta maziwa kesho. Mkono wangu ulikuwa juu kabla hajamaliza. Nikasema maziwa ya kwetu ndiyo mazito kuliko yote kutoka hapa mpaka Chepsaita, kioo kitaruka kitoke nje. Sikudanganya. Mama anawauzia walimu. Jumapili anapeleka ya chai ya wamama wa kanisa. Hakuna mtu amewahi kulalamika.

Ijumaa, 6 Mei

Sielewi.

Maziwa ya Mama Tabitha, mke wa mzee wa kanisa, yalipimwa kwanza. Mjukuu wake aliyaleta. Kioo kikasimama kwenye M sawasawa. Nikasema, ngojeni sasa muone. Nikamimina yetu, niliyobeba mwenyewe kutoka kwa kibuyu cha Mama.

Kioo kikazama. Kikapita M. Kikapita mstari, kikapita mwingine, kikatulia karibu nusu ya njia ya kwenda W.

Barasa akauliza: "Hii ng'ombe yenu inakamuliwa mtoni?"

Darasa zima chini kwa kicheko. Hata wale wadogo ambao hawajui M ni nini. Mwalimu hakucheka. Hiyo ndiyo ilikuwa mbaya. Akakitoa kioo, akakipangusa, akakirudisha. Kikazama pale pale. Akafuta ubao ambao haukuwa na maandishi.

Mke wake hununua maziwa hayo hayo.

Nikasema kioo kimeharibika. Akakitia tena kwenye ya Mama Tabitha. M.

Jumamosi, 7 Mei

Kibuyu kimerudi kimejaa. Mke wa Mwalimu alimwambia Mama kwa adabu kabisa kwamba kwa sasa hawahitaji maziwa. Mama akauliza kama kuna mgonjwa. Hakuna. Basi.

Mama alinikuta nyuma ya boma. "We Kiprop, kumetokea nini huko shule?"

Nikamweleza. Nilieleza vizuri, M na W na risasi na kuelea. Alisikiliza yote.

"Na ni wewe ulipeleka?"

Ndiyo.

"Ulitumwa ama ulijitolea?"

Nilijitolea.

Akaenda kuyamimina kwenye kibuyu cha maziwa lala, yale ya kugandishwa. Hakunipiga. Fimbo ingeuma ikaisha. Hii haijaisha.

Jumapili, 8 Mei

Baada ya ibada wamama hunywa chai nyuma ya kanisa. Birika la Mama lilikaa mezani limejaa. Wote walimimina kutoka kwa la Mama Tabitha. Ati lilikuwa karibu. Mama akanywa chai yake peke yake, vikombe viwili, polepole, mgongo umenyooka. Wakati wa kurudi akabeba birika bila kulimwaga. Nilitaka kumpokea, akakataa.

Watoto wa Sande Skuli wana wimbo sasa. Hauna haja ya kuandikwa hapa.

Nina aibu. Nina hasira pia, lakini sijui ya kumpa nani.

Jumanne, 10 Mei

Nimeamua. Mtu mwenye kichwa kama changu hawezi kushindwa na kijiti. Mimi ndiye nafagia darasa, kwa hivyo ufunguo wa kabati ninao. Napima asubuhi kabla ya kengele. Mwalimu anajua. Anajifanya hajui.

Kwanza nilishuku kibuyu. Mama hukisugua ndani kwa kijiti kilichochomwa kikawa mkaa, halafu anasuuza. Labda maji hubaki. Jana jioni nikachota maziwa kwenye ndoo ya kukamulia kabla hayajaingia kibuyu, nikayatia kwa chupa kavu. Leo kimezama. Si kibuyu.

Halafu nikashuku Jeruto, dada yangu mdogo. Anapenda maziwa na anaogopa yakionekana yamepungua. Nikambana. "Ulikunywa ukajaza maji?" Akalia mpaka Mama akaja mbio. Si Jeruto. Nadhani.

Nimepima pia maji ya mto, maji ya mvua na chai ya Mwalimu. Chai haieleweki. Barasa akaniambia nipime mate yangu, maana ndiyo mengi zaidi.

Ijumaa, 13 Mei

Labda ni Tui. Tui ndiye ng'ombe wetu, mweusi, ana nundu, ana ndama dume. Mvua imekuwa nyingi na majani ni teke, yamejaa maji. Na mtoni anakunywa kama amelipiwa. Maji yakiingia huku mbele, si lazima yatokee mahali? Hiyo ni sayansi.

Kwa hivyo jana sikumpeleka mtoni. Nilimfunga kwenye miti ya miwati kutwa nzima. Jioni akatoa maziwa ya kikombe kimoja na kelele za ng'ombe kumi. Leo nimepima. Kimezama vile vile.

Mama alijua kwa kugusa pua ya Tui. Kavu. Akaniita kwa jina langu lote, na leo fimbo ilikuja. Hiyo nilielewa. Ni kitu cha kwanza nimeelewa tangu Ijumaa ile.

Jumapili, 15 Mei

Mzee wa kanisa, mume wa Mama Tabitha, amekuja kwetu baada ya ibada. Alikaa kwenye kiti cha Baba. Akanywa uji. Chai alikataa. Akamwambia Mama kwamba wazee watakaa Jumamosi, tarehe 28. Kuuza maji kwa jina la maziwa ni wizi na ni uongo, vyote viwili ndani ya kikombe kimoja. Ikionekana ni kweli, Mama atatolewa kwenye meza ya Bwana. Atavua kitambaa cha chama cha wamama. Atakaa benchi la nyuma pamoja na wale wanaosubiri kubatizwa.

"Mama Kiprop, kama liko, liseme mapema. Mungu ni wa rehema."

"Mzee, sijatia maji."

"Na kioo?"

"Kioo sikijui. Ng'ombe namjua."

Mzee akanigeukia. Mama akanigeukia. Hata Jeruto. Mimi nilikuwa nachonga kijiti ambacho hakikuwa cha kazi yoyote.

Jumatatu, 16 Mei

Njiani watoto wa darasa la pili wamenipisha kwa heshima wakasema, "Shikamoo, Bwana Mto." Wa darasa la pili! Nilimshika mmoja sikio. Akasema alifundishwa na Barasa. Nikamwendea Barasa. Akasema, "Si wewe ulisema kioo kitaruka? Bado tunangoja." Niliondoka nikafagia darasa ambalo lilikuwa safi.

Jumatano, 18 Mei

Mama ameenda Chepsaita kumwambia Baba kabla hajasikia kwa watu. Baba anaendesha ng'ombe za plau kwenye shamba la ngano la huko, nyumbani anakuja mwisho wa mwezi. Mama atarudi kesho kutwa. Ameniachia Jeruto, kuku, Tui na maagizo. Maagizo ni mengi kuliko kuku.

Nimepika ugali. Jeruto anasema ni mgumu. Nimemwambia aupime kwa kioo.

Alhamisi, 19 Mei

Asubuhi nilimkamua Tui mwenyewe. Nilikuwa nimechelewa. Ndama alionja tu, maziwa yakashuka, nikamvuta, nikamfunga, nikakamua upesi upesi, halafu nikamwachia ndama yaliyobaki. Nikakimbia shule na chupa. Nikapima.

M.

Nikapangusa kioo. M. Nikamwita Barasa bila kumwambia ni ya nani. "M," akasema. "Ni ya Mama Tabitha?"

Nilianza kuruka. Halafu nikasimama katikati ya kuruka.

Ng'ombe ni yule yule. Majani ni yale yale. Chupa ni ile ile. Mama akiwa hayuko, ni M. Mama akiwepo, kinazama.

Hata mimi hesabu hiyo naiweza.

Sijamwambia mtu.

Ijumaa, 20 Mei

Jana jioni nilikamua tena kwa haraka, leo nimepima. M. Niliomba isiwe M. Nimewahi kuomba mengi lakini hilo ni geni.

Mama amerudi, miguu imevimba. Baba amesema atakuja tarehe 28 hata kama Kaburu atamfukuza. Mama akaoga, akaenda kukamua. Nilijificha nyuma ya zizi nikitazama mikono yake, kama askari kanzu. Mikono ile iliyonilea. Aliniona. Nikasema natafuta mayai.

Baadaye nikamwuliza. Sikuuliza vizuri. Nilisema, "Mama, wewe ukiwa haupo, kioo kinasema ni maziwa."

Alikuwa anafunga ndama. Akamaliza lile fundo, na sijawahi kuona fundo likichukua muda hivyo. Halafu akasema kesho nikamue mimi. Yeye atakaa mbali, mahali ambapo nitaona mikono yake.

Natamani ningenyamaza.

Jumamosi, 21 Mei

Alikaa kwenye gogo upande wa pili wa boma, mikono juu ya mapaja, viganja vikiangalia mbinguni. Jeruto akaenda kukaa naye vile vile akidhani ni mchezo. Sikuweza kuwaangalia.

Mimi na Tui na ndoo. Nikamvuta ndama mapema. Mama akapaza sauti kutoka kwenye gogo: "Bado! Mwache mpaka atoe povu."

Kwa Mama ndivyo ilivyo. Alifundishwa na mama yake. Ndama ananyonya kwanza mpaka mdomo uwe mweupe kwa povu, halafu binadamu anakamua yanayobaki. Mwenye mama ndiye ale kwanza. Majirani wanamcheka. Mama Tabitha anakamua kwanza, ndama anaachiwa ya mwisho. Nikamwacha ndama wetu akashiba. Nikakamua yaliyobaki. Hakuna tone la maji lililokaribia ile ndoo. Chupa niliibeba kifuani mpaka shule.

Kimezama.

Kimezama! Nilicheka peke yangu ndani ya darasa tupu mpaka mlinzi wa shule akachungulia. Mama hakutia kitu. Niliona kwa macho yangu.

Halafu kicheko kikaisha. Mama hakutia. Mimi sikutia. Basi nani? Kichwa changu kimejaa ukungu kama mji wa Eldoret alfajiri. Naona taa, sioni nyumba.

Jumatatu, 23 Mei

Jana kanisani sikusikia hata neno moja la mahubiri. Nilikuwa nawaza hivi. Siku za M, nilimvuta ndama mapema. Siku za kuzama, ndama alinyonya kwanza. Ni ndama! Lakini ndama anatia maji vipi? Anatema? Leo asubuhi nimemfungua mdomo nikaangalia ndani. Amenilamba uso.

Jaribio la leo jioni. Chupa za dawa, nimeziosha, nimezikausha juani. Ya kwanza nimejaza maziwa ya mwanzo, ndama akiwa ameonja tu. Halafu nikamwachia ndama mpaka povu. Ya pili nimejaza maziwa ya mwisho. Ya tatu nayo maziwa ya mwisho, si kwa akili yoyote, ni kwa sababu chupa ilikuwepo. Ng'ombe mmoja, jioni moja.

Mama akauliza nafanya nini. Nikasema sijui. Hajawahi kunisikia nikisema hivyo. Akaniletea vizibo.

Jumanne, 24 Mei

Chupa zimelala dirishani kwenye baridi. Asubuhi nikaziangalia. Nikatoka nje, nikarudi, nikaziangalia tena.

Ya kwanza ina malai kidogo juu, kama ukucha. Ya pili na ya tatu, malai yamejaa kutoka shingoni mpaka mabegani, ya manjano, mazito. Kwa hivyo yale maziwa yanayozamisha kioo, yale ya maji ati, ndiyo yenye mafuta!

Shuleni nikatikisa ya kwanza, nikapima. M. Nikatikisa ya pili. Kimezama.

Ya tatu sikuitikisa. Nikayachota malai yote kwa kijiko, nikayalamba. Mimi ni mwanasayansi, si mjinga. Yakabaki yale meupe ya chini, membamba. Nikatia kioo.

M. Na kikajitutumua kidogo zaidi, kama kinaringa.

Nimeondoa uzuri wote, na kioo kinasema sasa ndiyo mazuri.

Nilikaa chini pale sakafuni. Malai yanakaa juu. Yanakaa juu kwa sababu ni mepesi. Hata juu ya chai yanaelea, na chai ni maji. Maziwa yakijaa malai, yote yanakuwa mepesi, hayawezi kukibeba kioo, kinazama. Na ndama akinyonya kwanza anamaliza yale membamba. Sisi tunabaki na mafuta. Mama amekuwa akiwauzia walimu mafuta matupu!

Kioo hakijui maji. Kinajua kitu kizito na kitu chepesi, basi. Nimekiogopa siku zote hizi, na kina akili ya kuku.

Jumatano, 25 Mei

Nimeonyesha darasa kwa chupa mpya. Mwalimu akarudia kila kitu kwa mikono yake. Akatuma mtoto jikoni kwake alete maziwa ya jana ya Mama Tabitha, yaliyolala. Juu hakuna malai. Hata ya kupaka mdomo wa sisimizi hakuna. Akapima. M.

Akafungua kitabu chake. Akakifunga. Kitabu kinasema kikizama ni maji. Zaidi ya hapo kimenyamaza. Akatuambia tuandike: matokeo hayajaeleweka.

Nikasimama. "Mwalimu, mimi nimeelewa."

"Kaa chini, Kiprop."

"Mwalimu, Jumamosi wazee wanakaa."

"Najua wanakaa lini. Kaa chini."

Nikakaa. Barasa akaninong'oneza, "Wee, kweli uliyalamba?" Nikasema niliyalamba yote. "Ata mimi ningelamba," akasema. Kwa Barasa, huko ni kuomba msamaha.

Lakini Mwalimu sijui yuko upande gani. Wamekunywa maziwa ya Mama Tabitha tangu wamwache Mama, na mke wake anayasifu sokoni.

Ijumaa, 27 Mei

Mwalimu amechukua ufunguo wa kabati kutoka kwangu. Hakunipa sababu. Kioo hakiko.

Mama ameosha kitambaa cheupe cha chama, amekipiga pasi mara mbili. Nilimwambia kuhusu malai na ndama na wepesi. Nilieleza haraka sana. Akasema, "Kwa hivyo ndama hana makosa." Nikasema hana. "Basi," akasema, akaendelea kupiga pasi. Sijui kama alielewa. Sijui kama alihitaji.

Jumamosi, 28 Mei

Baba aliingia asubuhi na udongo wa shamba kwa viatu. Akakaa nyuma ya kanisa, kofia magotini. Mama alikaa mbele. Mimi nilikuwa na kikapu cha chupa.

Mwalimu akaja. Kioo alikuwa nacho yeye, amekifunga kwa leso. Akaniambia, "Lete chupa zako." Akapima mbele ya wazee: ya mwanzo, ya mwisho, na ya mwisho iliyotolewa malai. Akaeleza. Alieleza vizuri kuliko mimi, hilo nitaliandika hapa lakini sitalisema. Halafu akakohoa, akasema alifundisha nusu ya jambo, nusu nyingine hakuijua, na nusu hiyo ndiyo imemleta mama wa watu hapa mbele. Alisema kwa sauti ndogo. Lakini alisema.

Wazee hawakuelewa kitu. Mmoja akauliza kama dhambi ni ile inayozama ama ile inayoelea. Mwalimu akaanza tena kutoka mwanzo. Alipofika kwenye zile risasi za tumbo la kioo, mume wa Mama Tabitha akachoka. Akachukua chupa ya maziwa ya mwisho, akaitikisa, akanywa. Akanywa tena. Akapangusa ndevu.

"Haya ni maziwa," akasema.

Sayansi yote ile, na mzee amekunywa tu!

Mama Tabitha akaulizwa yake. Hakujificha hata kidogo. "Malai natoa, napika samli. Ni nani aliniuliza?" Kweli hakuna aliyemwuliza. Nilikuja tayari kumchukia, nikakosa pa kushikia.

Wakaamua: hakuna neno juu ya Mama. Na kile kioo kisiletwe tena kwa mambo ya waumini. Mama akainuka, akawashukuru mmoja mmoja, akatoka nje. Baba akamfuata akiwa na kofia mkononi. Mimi nilibaki nakusanya chupa. Nilitarajia nitapiga kelele za ushindi. Sikusikia hamu.

Alhamisi, 2 Juni

Mvua tangu mchana. Baba amerudi kazini, hakufukuzwa. Mke wa Mwalimu alituma mtoto na chombo. Mama akakijaza, hakutuma neno.

Jioni tulikaa jikoni, mimi na yeye, tukipepeta wimbi la uji. Jeruto amelala. Moshi ulikuwa mwingi. Mama akauliza bila kuinua macho.

"Kiprop. Uliniamini kabla ya hizo chupa, ama ni baada?"

Mimi nina jibu la kila kitu. Muulize Mwalimu. Nikafungua mdomo. Neno "kabla" ni fupi tu, hata Jeruto analiweza.

Halikutoka.

Mama hakurudia swali. Akanisogezea ungo, akachukua mwingine. Nikapepeta. Wimbi la kununua lina mchanga mwingi.